Ndugu wa Kunyonya

Upepo wa Sumbawanga hauna adabu. Siku hiyo sokoni ulimvua msichana mmoja mtandio, ukauburuza vumbini, kisha ukaukabidhi, kwa heshima zote, miguuni pa Sadick, muuza sweta za mtumba.

"Dada, mtandio umefika salama. Mwenyewe ndiye anayetetemeka."

Msichana alivaa gauni jepesi la maua, gauni la mtu aliyetoka Tabora bila kuuliza habari za baridi. Aliitwa Mwasiti. Sadick akamvisha sweta jekundu.

"Limekukaa hatari."

"Bei nayo isiwe hatari, kaka."

Basi hivyo ndivyo mkoa ulivyopoteza kijana mwenye akili timamu. Kuanzia hapo Sadick aliuza sweta kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula wali maharage. Acha kunihoji, kuhoji ni kazi yangu."

Ilikuwa kazi yake kweli. Mwasiti alipita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya utafiti mkubwa wa maelfu ya familia, uliotaka kujua usonji hujirudia kwa kiasi gani katika ukoo mmoja. Zamu ya mtaa wa Katandala ilipofika, Sadick alimkaribisha kwao. Sebuleni alikaa Rahim, kijana wa rika la Sadick, amegeuza shati mishono ikawa nje, kwa sababu mishono humkwaruza.

"Huyu nani?" Mwasiti aliuliza.

"Ndugu yangu."

"Wa tumbo moja?"

"Ndugu yangu, Mwasiti."

"Mwasiti," alisema Rahim, ambaye hurudia neno la mwisho la kila mtu.

Chai ikapoa bila kunywewa. Jioni Mwasiti alipiga simu.

"Sadick, hata kwetu yuko mmoja, mdogo wangu. Mama hajapata usingizi wa kushiba tangu amzae. Anasema nisiolewe kwenye damu yenye usonji."

"Kwa hiyo mimi ndiyo hatari."

"Utafiti unasema hata kwa ndugu wa tumbo moja, wengi hawapati. Mama hasikilizi utafiti."

Baada ya hapo simu ya Sadick iliita bila kupokelewa, mpaka hata muziki wa kusubiria akaukariri.

Kisha siku moja Mwasiti alikuja sokoni mbiombio, na sweta lake jekundu. Alikuwa ametoka kuongea na Bi Hasna, mama yake Sadick.

"Kumbe Rahim ni mtoto wa mama yako mdogo. Alifariki akijifungua, mama yako akawanyonyesha wote wawili. Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Ni ndugu yangu."

"Mama yangu huyu hapa kwenye simu, anasema binamu si damu moja. Mwambie si ndugu yako. Neno moja tu, mpenzi, halafu lete posa."

Sadick akapokea simu. Pembeni, Rahim alikuwa akigeuza sweta za biashara moja moja, mishono nje, zisije zikawakwaruza wateja.

"Haloo, mwanangu?" ilisema sauti ya mama.

Neno "binamu" lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, limeshavaa viatu.

"Shikamoo, mama. Rahim tumenyonya titi moja. Ni ndugu yangu."

Upande wa pili ukakata.

Mwasiti alilia taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua soko. Akavua sweta kwenye upepo ule ule, akalilaza mezani.

"Natamani siku moja mtu amtaje mdogo wangu hivyo," alisema. "Lakini mama hana mwingine wa kumsaidia zaidi yangu. Siwezi kumwasi."

Akaenda stendi akiwa na gauni lake la maua.

Rahim akaligeuza sweta jekundu, akalitundika pamoja na mengine. Mama mmoja akalishika.

"Hili bei gani?"

"Hilo haliuzwi," alisema Sadick.

"Haliuzwi," alisema Rahim.

Mteja aliyefuata akagusa la bluu.

"Haliuzwi," alisema Rahim, kwa uzito wa hakimu.

Likaja la kijani, likaja la kijivu, hukumu ikawa ile ile mpaka soko likafungwa. Sadick hakumsahihisha.