Kidole cha Kuazima

Haya yalimpata wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, nami nilikuwepo, kwa hiyo msiseme ni umbea. Tunamwita Povu, maana alifua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu. Asubuhi ile nilimsindikiza kuchukua kichupa chake cha insulini. Siku ya kawaida tu: foleni, benchi gumu, na wanawake wawili nyuma yetu wakimsengenya mkwe wa mtu. Nilisogea kidogo nisikie vizuri.

Siku hizi dawa haitoki bila kidole. Unakiweka kwenye kioo cha mashine, sauti ya kike inasema "inua kidole," jina lako linatokea, unaitwa dirishani. Sasa vidole vya Povu sabuni ilishakula mistari yote. Juma lililopita mashine ilimkataa. Juzi ikamkataa. Leo tena, na nyumbani dawa imekwisha.

"Jaribu gumba, mama," karani akasema.

"Nimejaribu vyote. Vimebaki vya miguu."

"Basi rudi kesho, fundi atakuwepo."

"Kesho hiyo itafika lini? Mashuka ya hapa nimeyafua mimi, leo naulizwa mimi nani."

"Mimi nakujua, mama. Mfumo ndio haukujui."

Povu akakunja mikono, akakiinamia kile kioo. "Basi mwenye kidole humu ndani aniazime."

Nikacheka. Nikamwambia nguo ya kuazima haisitiri matako, sembuse kidole.

"Inua kidole," mashine ikasema.

Mikono ya Povu ilikuwa kwapani. Kioo kilikuwa kitupu.

"Inua kidole."

Kikaingia ukungu. Duara dogo. Kama kimegandamizwa na kitu chenye joto.

"Ni wewe, wifi?" nikanong'ona.

"Mimi niko huku."

"Inua kidole. Inua kidole."

Ukungu ukaondoka. Jina la Povu likatokea, na picha yake.

Karani hakututazama. "Nenda kachukue, mama. Usiniulize kitu."

Tukachukua. Sukari haisubiri maelezo. Nyumbani Povu akakitoa kichupa kwenye boksi, akakitazama. Kifuniko cha kiwandani hakijaguswa, lakini dawa ilikuwa nusu.

Akakipeleka kwenye jua. Kichupani palikuwa na alama ya kidole, mistari yake imetimia, kidole ambacho hakijawahi kufua hata leso. Akaisugua. Haikutoka. Ilikuwa kwa ndani.

"Kumbe mwenye kidole naye anaumwa," akanong'ona. "Amechukua fungu lake."

Akaanza kujichoma hiyo iliyobaki. Angefanyaje?

Tangu hapo kila mwezi kioo kinaingia ukungu kabla hajakifikia, na kichupa kinatoka nusu. Nusu haimtoshi. Amekonda, macho yanafifia. Tukilalamika, karani anajibu, "Kidole si kimesoma?"

Cha mwezi huu nimekipokea mimi, Povu hawezi tena kusimama; kioo kimesoma bila yeye kuwepo. Kina robo tu. Alama za ndani ziko mbili, na ya pili ni ndogo, kama ya mtoto.