Kiti cha Rereao

"Panda mizani, Rereao."

"Nipande kama abiria au kama mkeo?"

Tebano alimsogezea mizani miguuni. Nyuma ya mkewe foleni ya watu tisa ilikuwa imesimamisha masikio. Miaka kumi na moja amekuwa wakala wa ndege hapa kisiwani Nonouti: anapima watu na mizigo yao, anafukuza nguruwe uwanjani, anawaambia watu kuwa ndege ya leo haiji. Hajawahi kuchoka kama asubuhi hii.

Rereao akapanda. Kilo hamsini na tatu.

"Umepungua," Tebano alisema kwa sauti ya chini. "Mwezi wa tatu ulikuwa sitini na moja."

"Kumbe mwezi wa tatu unaukumbuka."

Aliukumbuka. Mama yake Rereao alikuwa amefariki Tarawa, kisiwa kikuu, ndege ikazidi uzito, ikabidi mtu mmoja abaki. Tebano, akiogopa kuambiwa anapendelea nyumba yake, alimshusha mkewe. Ndege iliyofuata ikaharibika, ikakaa siku tisa. Mama akazikwa bila binti yake. Tangu hapo waliishi kama wapangaji wawili, hadi juzi mke aliposema, "Naenda kwa dada. Usinitafute."

Ndege ilitua. Rubani akasoma karatasi ya uzito, akatikisa kichwa.

"Mmezidi tena, Tebano. Mmoja abaki."

Macho yote yakamgeukia Rereao. Mwenyewe akainama kuokota begi lake, bila kuambiwa na mtu. Hilo ndilo lililomchoma Tebano.

"Liache begi hapo," alimwambia.

Diwani Kaiea akakohoa. "Bwana Tebano, mimi nina kikao. Mkeo si anaweza kungoja Ijumaa? Yeye ni wa nyumbani."

"Wewe ndiye wa mwisho kukata tiketi, mheshimiwa. Utabaki wewe."

"Nibaki kwa ajili ya mwanamke anayekukimbia?"

Watu wakaguna. Uso ulimwaka Tebano, lakini sauti haikupanda.

"Ananikimbia kwa haki. Nilimnyima kiti cha kwenda kumzika mamake, nanyi mkanisifu kuwa sina upendeleo. Leo simnyimi."

Rereao alimtazama kitambo. Kisha akapanda ndege, hakuaga.

Siku nne zilipita kimya. Ya tano, meseji ya Rereao ikaingia.

"Mbona hukuyasema yale mwezi wa tatu?"

"Niliogopa watu, nikamsahau mtu wangu. Nisamehe."

"Kusamehe ni kazi. Nimechoka, Tebano."

"Hata mimi. Sikuombi urudi. Naomba nije kaburini kwa mama nimtake radhi. Ukisema niondoke, nitaondoka."

Jibu lilichukua saa nzima.

"Kata tiketi kama watu wengine."

Akakata. Tarawa alimkuta Rereao nje ya uwanja, ameegemea pikipiki ya dada yake. Hawakukumbatiana. Walipanda, wakaenda hadi kwenye kaburi la mama, lililo kando ya nyumba ya dada.

Tebano akapiga magoti. Alimweleza mama mkwe kila kitu, polepole. Alipotaka kuinuka, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Rereao akamshika kiwiko.

"Mama hakuwa na kinyongo," alisema. "Mimi ninacho."

"Kaa nacho. Nami nitakaa nawe."

"Utakaa wapi? Ndege yako si inarudi Jumatatu?"

"Nimeomba viti viwili. Kimoja kina jina lako. Usipokitaka, nitawaambia wampe mwingine."

Rereao alikaa kwenye mkeka kando ya kaburi, akanyoosha miguu. Tebano akaketi kando yake. Ndani, dada yake alikuwa akigonganisha vyombo.

"Wasimpe mwingine," alisema mwishowe.

Akaegemeza kichwa begani mwa mumewe, usingizi ukamchukua palepale, mchana kweupe. Tebano hakuusogeza mkono wake, hata ulipoanza kuuma.