Aliyepishwa kwenye Taa Mbovu

Asubuhi ya Jumatatu kigari cheupe kilikutwa kimesimama katikati ya njiapanda, na Mwalimu wa Meza alijua hakukiweka yeye.

Njiapanda yenyewe ilikuwa ya kuchorwa. Shule yao ya udereva ilikuwa chumba kimoja, na katikati ya chumba ilikaa meza pana yenye mji mzima juu yake: barabara, mizunguko, vivuko vya miguu na vigari vya plastiki. Mwanafunzi alishika kigari, akakisogeza, akaeleza nani ampishe nani. Kufundisha hapo mezani ilikuwa kazi yake yeye Mwalimu wa Meza. Mumewe aliwatoa wanafunzi barabarani kwenye gari la kweli, jeupe kama kile kigari, lile lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Ndiyo maana watu walimwita yeye Mwalimu wa Meza na mumewe Mwalimu wa Gari, utadhani mmoja seremala na mwingine makanika.

Alikirudisha kigari kwenye maegesho yake. Jumanne akakikuta palepale. Jumatano alikifungia kwenye droo na ufunguo akautia kifuani, mahali ambapo hata mumewe huomba ruhusa. Alhamisi kigari kilikuwa katikati ya njiapanda.

"Ni wewe unayenichezea?" alimuuliza mumewe.

"Nina umri wa kucheza na vigari mimi?" mume alijibu, akapiga miayo. Wiki ile alipiga miayo mno, na mikono yake ilikuwa ya baridi hata juani.

Njiapanda ile ya mezani ilikuwa na mwenzake nje, mitaa miwili kutoka shuleni, na taa zake zilikuwa zimekufa miezi minne. Tangu zife, kila dereva alikuwa na sheria yake. Mmoja akimulika taa alimaanisha pita, mwingine akimulika alimaanisha ole wako upite. Malori yalipita kwa ukubwa wao, pikipiki kwa udogo wao, na wenye adabu walisimama pande zote nne wakipungiana mikono, kisha wote wakaondoka kwa pamoja na kukutana katikati. Mume alipenda kuwapeleka wanafunzi pale saa sita mchana, joto likiwa limepunguza magari. Kuwatoa woga, alisimamisha gari mbele ya barabara tupu, akanyoosha mkono na kuiambia hewa, "Pita, bibie. Njia yako." Wanafunzi walicheka mpaka mabega yakawalegea.

Mke alipohadithiwa mzaha huo hakucheka. Maneno yale yalikuwa yake. Miaka kumi na mmoja nyuma alikuwa amekwama na baiskeli kwenye njiapanda hiyohiyo, honi zikimtukana, kijana mmoja akakingamisha pikapu barabarani, akawazuia wote nyuma yake na kumwambia, "Pita, bibie. Njia yako." Kwa maneno hayo aliolewa. Sasa yanagawiwa mchana kweupe mbele ya kila mwanafunzi. Wivu ulimpanda mpaka kooni, naye hakuwa mtu wa kumeza.

Ijumaa alinusa shati la mumewe kabla ya kulifua. Lilinuka lami ya moto iliyomwagiwa maji, na chini ya lami, maua. Hakuhitaji kufikiri sana. Mwanafunzi wa saa sita alikuwa nesi, mcheshi, mwenye mwanya. Mwalimu wa Meza alijifunga kilemba akaenda mpaka kwenye geti la zahanati, maneno ameyapanga mdomoni.

"Mwalimu, mimi nimeacha masomo," nesi alisema kabla hajaulizwa. "Na wenzangu wawili wa kike wameacha. Hawajakwambia?"

"Mmeacha, au mmefumaniwa?"

Nesi alimvuta kando ya ukuta, akashusha sauti. "Kuna mwanamke anakaa kiti cha nyuma. Mwalimu wa Gari hamwoni, au anajifanya. Ukitazama kioo, anakutazama. Siku ya kwanza alinitazama tu. Siku ya pili akaniambia, ondoka karibu naye. Siku ya tatu mguu wangu ulikanyaga mafuta, na sikuukanyagisha mimi, Mwalimu, na lori linakuja."

"Mzuri?"

"Nini?"

"Huyo mwanamke. Ni mzuri?"

Nesi alimwangalia kwa huruma. "Hapepesi macho," alisema. "Kama ni mzuri, mimi sikukaa kuchunguza."

Alirudi nyumbani akijiambia kwamba nesi ni mwongo, kwamba mwizi akibanwa huona jini. Akaamini hivyo mpaka Jumapili alasiri. Mume alikuwa amejilaza, madirisha wazi, watoto wa jirani wakipiga kelele nje, na katikati ya kelele zile akasikia tik, tik, tik, mlio wa indiketa ya gari, na gari lilikuwa uani, limezimwa, funguo zikiwa mezani mbele yake. Aliufuata mlio kutoka sebuleni hadi kwenye korido, na kutoka korido hadi mlangoni mwa chumba chao, na kadiri alivyokaribia ndivyo ile harufu ya lami na maua ilivyozidi kumjaa puani, na alipochungulia alimwona mumewe amelala chali, macho ameyafumba, mkono umenyooka hewani ukimpungia mtu, na upande wa pili wa kitanda, upande wake yeye, mto ulikuwa umebonyea kwa uzito wa kichwa ambacho hakikuwepo, na ule mlio ulitoka hapo, mtoni, taratibu, kama mtu anayengoja zamu yake na haoni sababu ya kuharakisha. Kitu cha kwanza kilichomshika hakikuwa woga. Ule ulikuwa mto wake.

Kufikia Jumatano mume hakuweza kukaza ngumi. Mashavu yaliingia ndani. Mke alimwendea mganga, naye hakuwa mbali. Alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe, mzee mfupi aliyeshindwa mtihani wa meza mara tatu kwa sababu kwenye njiapanda aliwapisha watu wote na yeye hakupita.

Mzee alimsikiliza mgonjwa kifuani, akamnusa viganja, akamtoa mke nje ya chumba.

"Binti yangu, njiapanda ina wenyewe," alinong'ona. "Huyo wa pale watu wanamkatia njia tangu barabara haijachongwa. Hajawahi kupishwa. Mumeo kampisha, tena kwa maneno matamu. Kaona ni posa."

"Atamuua?"

"Anampenda. Kwa binadamu ni yaleyale." Mzee alikuna kidevu. "Mrudisheni palepale, saa ileile. Uendeshe wewe. Msimamishie gari, umwambie apite, na umwache avuke barabara yote mpaka ng'ambo. Akishavuka, hana deni na mumeo. Lakini usimkatie njia. Hapo yeye ndiye mwenye haki, na aliyenyang'anywa njia hulipwa na aliyemnyang'anya."

"Hilo tu? Mimi nafundisha kupisha kila siku."

"Unafundisha vigari," mzee alisema.

Siku ya pili yake, saa sita, alimwegemeza mumewe kwenye kiti cha mwalimu, akamfunga mkanda, akaendesha mpaka njiapanda. Taa zilining'inia bila rangi. Barabara zote nne zilikuwa tupu. Alisimama kwenye mstari mweupe, akatazama kioo, na kiti cha nyuma hakikuwa kitupu. Mwanamke alikaa wima, mikono mapajani, macho hayapepesi. Alikuwa mzuri. Nesi angeweza kumwambia ukweli.

"Pita," alisema. Lilitoka kavu, lakini lilitoka.

Kioo kikabaki na kiti peke yake. Mbele ya gari mwanamke alianza kuvuka, bila kivuli, polepole kama bibi harusi, na lami ikatoa mvuke alipokanyaga, na Mwalimu wa Meza alishika usukani kwa mikono miwili akihesabu hatua, kumi, kumi na moja, zimebaki chache, zimebaki chache sana, na hapo katikati kabisa mwanamke akasimama, akageuza shingo, akamtazama mumewe. Na mume, ambaye tangu jana hakuweza kuinua kijiko, aliinua mkono. Akatabasamu. Tabasamu lile mke alilijua. Alilipokea akiwa juu ya baiskeli na hakuliona tena.

Mguu ulikanyaga mafuta. Safari hii jini hakuhusika. Ulikuwa mguu wake.

Hakusikia kishindo. Baridi ilimwingia kifuani ikatokea mgongoni, na alipofumbua macho alikuwa amesimama juu ya lami, katikati, jua utosini, miguu mitupu. Gari lilikuwa ng'ambo, zima, halina hata mkwaruzo. Mumewe alikuwa ameketi wima, rangi imemrudia. Na kwenye usukani alikaa yeye mwenyewe, kilemba chake, gauni lake, pete yake.

Alikimbia mpaka dirishani. "Mimi niko huku," alisema. Akasema tena kwa sauti yake yote. Mume aligeuka upande wake, macho yakampita yakaishia kwenye ukuta wa kando ya barabara.

"Nimempungia mkono mwanamke mbele yako," mume alikuwa akimwambia yule wa kwenye usukani, "na hunigombezi?"

Yule alimshika mkono, akaubusu.

"Hata swali moja?" Mume alicheka kicheko kilichopotea tangu augue. "Basi yule mzee ni fundi. Mimi kaniponya ugonjwa, na wewe kakuponya wivu. Twende nyumbani, mke wangu."

Gari liliondoka. Mwalimu wa Meza alilifuata mpaka kwenye mstari mweupe, na hapo miguu ikagoma kuuvuka. Akarudi katikati. Magari yalianza kuongezeka, yakitoka pande zote nne, yakipigiana honi, na kila moja lilimpita mwilini bila kupunguza mwendo. Akaanza kuwatazama madereva usoni, mmoja baada ya mwingine, akitafuta mwenye adabu.