Chupa ya Minza

Kabati la maabara ndogo mjini Tabora lilikutwa wazi asubuhi, na chupa moja haikuwepo. Moja tu. Nyingine zote zilikaa kama zilivyoachwa, vizibo vyake vimepakwa nta.

Inspekta Kasimiri alichuchumaa, akaikagua kufuli. Haikuvunjwa.

"Chupa hiyo ilikuwa na nini?"

"Vijidudu vya kuhara damu, afande," alijibu Wenceslaus, msaidizi wa maabara. "Ndivyo pekee vilivyoishinda dawa. Jioni hii vilikuwa viende Dar es Salaam kwa treni, wataalamu wavijaribie dawa mpya. Kaliua watoto wanakufa kwa ugonjwa huohuo. Kupata vingine na kuvikuza si kazi ya leo wala kesho."

"Ufunguo hukaa wapi?"

"Juu ya kabati."

Kasimiri alimtazama. Serikali ya Mwingereza imenunua kufuli imara, na watu wa maabara wenyewe wameuweka ufunguo juu ya kabati hilohilo. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

"Mwizi aliijuaje chupa hiyo kati ya zote?"

"Imeandikwa jina. Tunaziita kwa majina ya wagonjwa, tusizichanganye. Hiyo ni Minza."

"Minza mwenyewe yuko wapi?"

"Alifariki wodini, masika."

Mlangoni palikuwa na kikapu kimejaa mayai. Kasimiri akauliza ni cha nani.

"Cha Bernadeta, wa njia ya Kipalapala. Mlinzi humfungulia alfajiri. Mayai yake tunayagandisha chupani, vijidudu vinakula humo na kuishi miezi." Wenceslaus akakitazama kikapu. "Ndiye mama yake Minza."

"Alijua mayai ni ya nini?"

"Jana alinisikia nikimwambia mwenzangu, 'Mlishe Minza vizuri, kesho ana safari.' Akauliza Minza yupi. Nilikuwa na haraka, afande. Nikamwambia ni ugonjwa wa mwanawe, bado u hai, unakula mayai."

"Basi?"

"Basi."

Walimkuta Bernadeta uani kwake, ameketi mbele ya sufuria inayotokota. Hakujaribu kukimbia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Chupa iko wapi?"

"Humo. Nimeichukua mimi. Nesi alitufundisha tuchemshe, vijidudu vife. Nimechemsha tangu alfajiri."

Wenceslaus alifunua sufuria, akaona nta ikielea, akafunika tena.

"Kwa nini, mama?" Kasimiri aliuliza taratibu.

"Kilichomuua mwanangu wanakilisha mayai yangu, na wanakiita kwa jina lake. Ungekuwa wewe, mzee, ungepata usingizi?"

Inspekta alimwambia Wenceslaus aeleze upya, na safari hii asiwe na haraka. Wenceslaus akaeleza habari za Kaliua, za dawa inayotafutwa, na kwa nini wagonjwa wa huko waliitegemea chupa ile. Bernadeta alisikiliza mpaka mwisho.

"Mngeniambia hayo jana," alisema, "ningeibeba mwenyewe hadi stesheni."

Kasimiri alimkamata, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoiapia, lakini moyo ulimuuma. Maji yalikwisha mwagika. Jioni treni ya Dar es Salaam iliondoka bila Minza. Wenceslaus alipanda ile ya magharibi, kwenda Kaliua kutafuta mtoto mwingine anayehara damu.