Chumvi Mahali pa Kombe

Kabati la kioo lilikuwa wazi na Kombe halimo. Mahali pake palikuwa na kitu cheupe kilichomwagwa, kiasi cha vidole vitatu, basi.

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi. Inspekta Ottavia Ruocco alilizunguka kabati lile. Kombe la mabingwa wa vilabu vya Ulaya lilikuwa limewekwa katika ukumbi huo wa maonyesho siku tatu, watu walitazame kabla ya mchezo wa kesho, na timu ya Napoli ndiyo iliyokuwa ikicheza, tena nyumbani. Jiji lilitundika vitambaa vya buluu kutoka dirisha hadi dirisha, hata mwanga wa vichochoroni ukawa wa buluu, na watu walitembea humo polepole wakinong'onezana. Hakuna aliyetamka "fainali". Walisema "Jumamosi". Kushinda na kushindwa hakukutajwa kabisa, maana nuksi ina masikio.

Bertone, mtaalamu wa alama za vidole, alikuwa mtu wa Torino, umri miaka hamsini na ushee, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Likipatikana leo, fainali mnashinda mbili bila," alisema huku akipaka unga wake kwenye kioo.

Askari wawili waliokuwa mlangoni wakashika haraka funguo zao za chuma, kinga ya nuksi. Ruocco naye alishika pingu kiunoni, wala hakuona haya.

"Bertone, ndugu yangu, fanya kazi kimya."

Bertone akatoa matokeo yake. Kufuli halikuvunjwa, lilifunguliwa kwa ufunguo. Alama za vidole zilikuwa tele, mwizi hakuhangaika kuzifuta. Kile cheupe alikitia kwenye mfuko wa ushahidi, akasema huenda ni chokaa ya dari. Ruocco alichovya kidole kwenye punje zilizobaki, akaonja.

"Chumvi," alisema. "Mwizi anayetaka kuuza hamwagi chumvi ya kufukuza nuksi. Huyu aliogopa kitu."

Akamwita mlinzi wa zamu, Sabato Iovine, mtu mnene mwenye macho ya kukosa usingizi.

"Funguo za kabati ziko kwa nani?"

"Kwangu. Na kwa Mama Titina, anayefuta vioo."

"Asubuhi hii nani ametoka?"

"Yeye tu. Saa moja, na kigari chake cha ndoo na matambara."

"Alisema lolote?"

Sabato aliitikia kwa kichwa.

"Siwezi kulitamka, Inspekta."

"Basi liandike."

Sabato akaandika, akaigeuza karatasi kifudifudi na kushika funguo zake kwa mikono miwili. Ruocco akaifunua. Iliandikwa: *Tukishindwa, msinilaani.*

Katika jiji lile, wiki ile, mtu angemtukana padri madhabahuni kabla ya kulitoa neno hilo kinywani. Aliyelitoa, Ruocco aliwaza, tayari amefanya baya kuliko hilo. Akamwacha Bertone na unga wake, akaondoka kwa miguu kwenda mtaa wa Sanità.

Hewa ilikuwa nzito na ya joto, upepo wa kusini umeleta ukungu, na muuza samaki, ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, alikuwa amekaa kimya mbele ya kapu la chaza. Ruocco alijiona kama anapita ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Alikuwa na huzuni, na alijua sababu yake. Jina la yule mama likijulikana, na kesho mambo yakaenda kombo, hatauziwa mkate Napoli hii mpaka anaingia kaburini.

Titina Mennella aliishi ghorofa ya nne. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi jikoni, kizee wa miaka sabini na moja, mbele ya sahani ya maji yenye matone ya mafuta. Sakafuni, juu ya kitambaa cha buluu, lilikuwepo Kombe.

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, mama."

"Mafuta yanatawanyika. Nimejaribu mara tisa. Nuksi haijatoka."

"Ulifanya nini?"

"Nililigusa."

Ruocco akavuta kiti akakaa. Kombe haliguswi mpaka ulishinde. Hata wachezaji hupita kando yake mikono ikiwa nyuma.

"Wewe kuliko wote unajua, mama. Kwa nini?"

"Jana nilikuwa nafuta kioo kwa ndani. Nikamwona Catello tumboni mwa Kombe." Catello alikuwa mumewe. Alisimama jukwaa lile lile la uwanjani miaka arobaini, akiishangilia Napoli, akafa miaka saba iliyopita bila kuiona Jumamosi kama hii. "Ana ndevu za siku mbili, kama alivyokuwa. Mkono ukaenda wenyewe. Nilitaka kumshika shavu."

"Ndipo ukaliiba, ulitakase."

"Hivyo ndivyo nilivyojiambia." Titina alicheka kidogo. "Chumvi ingetosha, mwanangu. Ningeimwaga nikaenda zangu. Nimelileta nimwone tena. Nimeliweka dirishani, nimeliweka mezani, nimeliweka chini. Namwona bibi kizee tu."

Ruocco aliwahi kusikia maungamo mengi, ya visu na ya sumu, na hakuna lililomuuma hivi. Lakini wizi ni wizi, akamwambia, na itabidi aende kituoni akaandikishe maelezo.

"Nitakwenda. Jela siiogopi. Ila kesho wakipoteza, itakuwa ni mimi. Jiji zima, na Catello naye huko aliko. Mimi peke yangu."

Akainuka, akakunjua kitambaa cha buluu ili Inspekta alifunge Kombe humo asije akaligusa.

Ruocco akakisogeza kando. Akainama, akalishika Kombe masikio yote mawili kwa mikono mitupu, akalinyanyua mpaka kifuani. Lilikuwa la baridi, na zito kuliko alivyodhani. Titina alijiziba mdomo.

"Sasa tuko wawili," Ruocco alisema. "Twende, mama. Shika ukuta, ngazi zinateleza."