Uji wa Wagonjwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Boke alimwosha bibi yake kidonda cha kidole cha mguu kwa maji aliyoyachemsha. Waliishi wawili tu, hapa Butiama. Kidonda kilikuwa na miezi miwili, na sasa kilinuka.

Siku ya kliniki, nesi Getruda alisoma kipimo cha sukari ya damu.

"Kumi na tisa. Bibi Yuliana, vidonge unameza?"

"Nameza, mwanangu."

"Na sukari?"

"Sukari niliachaga zamani. Hata kwenye chai siitii."

Nesi aliweka kalamu mezani. "Basi sijui tufanyeje. Isiposhuka, kidole kitakatwa. Pengine mguu."

Bibi alivuta kanga akafunika mguu. Boke alitazama sakafu. Yeye alijua. Kila jioni majirani walikuja kumwona mgonjwa, kila mmoja na chupa ya uji wa ulezi, mtamu, maana nani humpelekea mgonjwa uji usio na ladha? Bibi alikunywa wa kila mtu asije akamvunja mtu moyo. Akishiba, hakula ugali, na vidonge vya jioni akaviacha, akameza vya asubuhi tu. Aliambiwa avimeze na chakula. Kwake uji ulikuwa kinywaji.

Lakini mtoto atamsahihishaje bibi yake mbele ya watu?

"Nesi," alisema, "kuna uji." Akaeleza yote.

"Boke! Unaniaibisha?"

"Bibi, wakikukata mguu, kisha ukafa, mimi nitabaki na nani?" Akaanza kulia.

Getruda hakumgombeza yeyote. "Bibi hakudanganya. Mimi sikuuliza kuhusu uji." Akamweleza Bibi pole pole: uji ni chakula, uwe kikombe kimoja bila sukari, vidonge visirukwe, kidonda kisafishwe kliniki kila siku, kwa sababu nacho hupandisha sukari.

Jioni ile jirani, Mama Tabitha, alileta chupa ya uji. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akampa Boke.

"Asante, mama. Atakunywa huyu anayeniuguza. Kesho niletee mchicha."

"Mchicha! Kwa mgonjwa?" Mama Tabitha alicheka. Kesho yake aliuleta.

Baada ya wiki tatu kipimo kilisoma tisa. Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka, na kidole kilikuwepo.

"Dawa peke yake haitoshi," Getruda alimwambia Boke. "Anayemuuguza mtu aseme yote anayoyaona, hata yakiwa madogo, hata akiogopa."

Bibi aliitikia kwa kichwa. "Siku ile nilikukasirikia, mjukuu wangu," alisema. "Leo nimekuja kwa miguu yangu miwili."