Shabaha Iliyogeukia Maji

Ilianza na namba moja kwenye simu. Erupe, kinyozi wa Lodwar, alikuwa amekaa kibandani mwake saa ya jua kali, mteja hakuna, akafungua mchezo wake wa bunduki acheze raundi moja. Kidole kilipogusa kioo, shabaha ilichomoka kama mbuzi aliyerushiwa jiwe ikagonga ukuta. Akaingia kwenye mipangilio. Sensi, kama wachezaji wanavyoita ule wepesi wa shabaha kufuata kidole, ilikuwa imepandishwa hadi mwisho. Yeye mkono wake ni mzito, huiweka chini ya nusu. Akaishusha, akahifadhi, akasema ni apdeti.

Kesho yake akaikuta juu tena.

Alimjua mtu mmoja tu aliyecheza na sensi ya juu namna ile bila kupotea. Alikuwa Wal, kijana wa Sudan Kusini aliyeishi kambini Kakuma. Walikutana kwenye mashindano, wakawa wanacheza wawili wawili hadi kila mmoja akajua mwenzake atageukia wapi. Wal ndiye aliyemrekebishia simu, akimwambia asikimbizane na bunduki, aingoje imfuate. Lakini Wal alikuwa amekufa. Msimu wa mvua uliopita alichukuliwa na maji ya Tarach, ile laga, mto mkavu wa mchanga, ambayo siku nyingi ni njia tu ya watu na mifugo.

Erupe akafuta mchezo, akaupakua upya. Sensi ikapanda. Baadaye shabaha ikaanza kusogea yenyewe, kidole kikiwa hakijagusa kitu. Ilisogea polepole, na popote aliposimama, juani au ndani ya nyumba za mchezo, iligeukia upande ule ule, kwenye mto unaopita chini ya daraja. Wenzake wa timu walilalamika kwamba anapigwa akiwa ameduwaa.

Jioni moja alivaa iyafoni masikioni akacheza peke yake ili ajaribu tena kuishusha. Milio ya risasi ikafifia, ikafifia, mahali pake pakaja mngurumo wa maji mazito yanayoburura mchanga na miti, na kibanda kikajaa harufu ya tope bichi, wakati Lodwar haikuwa imeona tone la mvua kwa miezi na hata ndoo ya kunawia ilikuwa tupu. Shabaha ikamvuta hadi mtoni, akaivuta kurudi kwa vidole viwili, ikamvuta tena, na pale katikati ya maji, yamemfika kiunoni, alisimama mchezaji asiye na jina juu ya kichwa wala bunduki mkononi, mkono mmoja ameuinua, ameshikilia kitu sikioni, uso wake umemwelekea Erupe na unangoja.

Alizima simu. Akaitia kwenye droo chini ya taulo, akakaa siku kadhaa bila kuigusa.

Sasa kikageuka kichwa chake. Alikuwa akimnyoa mwalimu mmoja, mashine ikipita nyuma ya sikio, mara shingo yake ikaanza kuzunguka taratibu kuelekea kaskazini magharibi, upande wa Kakuma. Akakaza misuli, haikusikia. Mkono ukafuata shingo, mashine ikafuata mkono. Mwalimu alipiga ukelele, sikio limekatika pembeni, damu kwenye shuka. Alitoka akiwa ameshikilia kitambaa, na waliokuwa nje wakamwangalia Erupe kwa jicho ambalo hakulisahau. Wateja wakahamia kwingine.

Alikuwa akiishi Nawoitorong kwa shangazi yake, Akidor. Huyo alimvumilia mpaka siku alipomwona anakula akiwa amegeukia ukuta, kijiko kinamtafuta mdomo.

"Erupe," alimwambia kwa sauti ya chini, "unaangalia nini huko?"

"Siangalii, shangazi. Naangalishwa."

Akidor akamfunga kitenge shingoni, wakapanda pikipiki hadi Lorugum kwa Ekaale, emuron, mwaguzi wa Kiturkana anayesoma viatu. Ekaale alikuwa amevaa jezi ya mpira iliyopauka, mezani kwake redio inaongea. Aliizima. Akarusha viatu viwili vya ngozi hewani, vikaanguka, ncha zote kaskazini magharibi. Akarusha tena, vikaanguka vile vile. Mara ya tatu hakurusha. Akamwomba Akidor akae nje kidogo.

"Huko kuna mtu alikuita," Ekaale alisema. "Wewe ulifanya nini?"

Ndipo Erupe akayatoa yaliyotokea, akiongea na sakafu. Siku ile alikuwa Kakuma, kwenye duka lenye intaneti, karibu kabisa na ukingo wa Tarach, akicheza mechi ya kuingia fainali. Wal alikuwa anavuka laga kumletea iyafoni alizosahau. Mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu, mvua ilinyesha mbali huko milima ya Uganda, maji yakashuka ghafla yakamzingira Wal kwenye kisiwa cha mchanga. Simu ya Wal ikaingia katikati ya mechi, jina lake likaziba shabaha. Erupe akalifuta kwa kidole. Likarudi, akalifuta. Kisha akafunga simu zote zisiingie. Dukani kulikuwa na wanaume na kamba ya kufungia mizigo, wangeweza kumvuta. Alishinda mechi ile. Alipotoka akishangilia, watu walikuwa wamesimama ukingoni kimya, na kisiwa cha mchanga alichokuwa amesimama Wal kilikuwa hakipo.

Matangani, mama yake Wal alimwuliza kama mwanawe alimpigia. Akasema hapana. Mama yule akapumua, akasema basi Mungu alimchukua haraka, hakupata hata nafasi ya kuogopa.

Ekaale aliviokota viatu vyake. "Nenda umwambie mama yake," alisema. "Hiyo simu uizike mwenyewe kwenye mchanga wa Tarach. Usimwachie mtu. Umesikia? Yule anayeishika ndiye anaitwa."

Erupe akasema amesikia.

Kule kambini Kakuma mama yake Wal, Nyawech, alimpokea vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alimwita mtoto wangu, akamwekea kiti kivulini, mama mwenyewe shingoni ana msalaba wa wamama wa kanisa. Erupe alimwambia yote, kichwa kimepinda, akiongea na ua wa miiba huku mama yuko upande mwingine. Alipomaliza hakukuwa na kilio.

"Kwa hivyo aliogopa," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na aliita."

"Aliita."

Akauliza kama simu yenyewe ndiyo ile iliyovimba mfukoni. Erupe akaitoa. Ilikuwa imezimwa tangu Lodwar, lakini ilipotua kwenye kiganja cha mama kioo kikawaka, na harufu ya tope ikaingia uani mchana kweupe. Mama akaiweka sikioni. Akasikiliza, uso ukamlegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo, akaanza kuongea Kinuer kwa upole, akisema na kunyamaza, akisema na kunyamaza, na kidogo kidogo kichwa chake kikageukia Tarach.

Erupe akasikia shingo yake inaachia. Aliigeuza kulia, aliigeuza kushoto. Iligeuka. Simu ilikuwa karibu, mama ameishika kwa vidole tu, kama kikombe. Angenyoosha mkono, angeichukua. Alijua anachotakiwa kufanya. Akasimama, akakung'uta suruali, akaenda zake.

Binti wa nyumba ile, Nyaruach, alimfikia kwenye lango la miiba.

"Kaka, umemletea mama nini? Anaongea na nani?"

Erupe alimtazama usoni, sawasawa, bila shingo kumvuta popote.

"Ni zawadi tu," akasema. "Ya kumkumbuka Wal. Mwacheni nayo."

Msichana akamshukuru. Nyuma yake mama alikuwa ameinuka, simu iko sikioni, anavua ndala moja baada ya nyingine, kama avuavyo mtu anayekaribia kuingia majini.